Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya muziki: usiku wa jukwaani nao uhesabiwe kuwa kazi

Kwenu Waheshimiwa wakuu wa vyuo vya muziki, wajumbe wa mabaraza ya vyuo hivyo, maafisa utumishi, na nyote mnaotia saini mikataba ya walimu wa ala.

Yah: Maonyesho ya mwalimu wa jazi kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua kilichotajwa hapo juu.

Mimi ni mpuliza saksafoni ya tena, ile kubwa yenye sauti nzito, na ni mwalimu wa saksafoni, na kwa miaka 23 sijawahi kuwa mmoja kati ya hao wawili bila kuwa na yule mwingine. Mchana nafundisha, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, napanda jukwaani na bendi ya watu wanne au watano, na mara chache kwa mwaka nasafiri siku kadhaa kwenda kupiga mahali pa mbali. Siwaandikii kuomba nyongeza ya mshahara, ingawa ikija sitaikataa. Nawaandikia kuhusu jambo moja lililo mikononi mwenu na lisilohitaji fedha nyingi, nalo ni namna mnavyozihesabu saa za mwalimu wa jazi, muziki ambao mpigaji hutunga sehemu kubwa papo hapo akiwasikiliza wenzake, na hasa mazoea ya kuziandika siku anazopiga muziki kana kwamba ni siku alizotoroka kazini.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, ambacho sitakitaja, niliitwa ofisini mwishoni mwa muhula nikakabidhiwa karatasi yenye jedwali. Majina ya walimu yalikuwa upande wa kushoto, tarehe zimepangwa juu, na kwenye mstari wangu kulikuwa na viduara 11 vilivyochorwa kwa kalamu nyekundu, kila kimoja kikimaanisha siku ambayo sikuonekana. Nikatakiwa niandike barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Usiku ule nilikaa na ile karatasi nikizilinganisha tarehe zake na daftari langu la miadi. Siku saba kati ya hizo nilikuwa nimevifidia vipindi vyote Jumamosi, na wanafunzi walikuwa wamesaini. Siku tatu nilikuwa ziarani na bendi, kwa ruhusa niliyoiomba kwa mdomo na kukubaliwa kwa mdomo, kosa ambalo nimeacha kulifanya. Kiduara cha 11 ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu. Siku hiyo nilitoka chuoni saa nane mchana kwenda kufunga vyombo, na jioni nikapanda jukwaani pamoja na wanafunzi wangu wawili, mmoja kwenye saksafoni ya alto, iliyo ndogo kuliko tena, na mwingine kwenye besi, katika onyesho ambalo bango lake lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo chenyewe, hatua chache tu kutoka mlango wa ofisi iliyonidai barua.

Barua niliiandika, ikapokelewa, ikaingia kwenye jalada, maisha yakaendelea. Sina kinyongo na aliyechora vile viduara. Alikuwa akitekeleza kanuni, na kanuni ilimtaka ahesabu watu waliomo vyumbani kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kasoro ni ya kanuni yenyewe, ambayo ilishonwa kwa kipimo cha walimu ambao kazi yao huanzia na kuishia ubaoni, kisha tukavalishwa sisi ambao nusu ya kazi yetu hufanyika ofisi zikiwa zimefungwa.

Naomba niwaonyeshe jinsi nusu hiyo inavyoingia darasani. Jumanne moja asubuhi alikuja mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, aliyekwisha kuzikariri skeli, yaani ngazi za nota, zote 12 kwa kupanda na kwa kushuka. Alipiga mizunguko mitano ya bluzi, wimbo mfupi unaorudiwa ambao wanajazi hutungia juu yake, bila kukosea nota hata moja, na hakuna lililotokea. Kila alichokisema kwa ala yake kilikuwa kimepangwa tangu nyumbani. Kama mpiga dramu angezimia katikati ya wimbo, yeye angeendelea mpaka mwisho bila habari. Ikawa kwamba usiku uliotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimepotea jukwaani. Mpiga piano aliingia sehemu ya kati ya wimbo mapigo manane kabla ya wakati wake, mpiga besi akamfuata, nami nikabaki nimesimama mahali ambapo wenzangu walikuwa wamekwisha kupahama. Nikamsimulia kisa hicho, naye akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kuhusu kitabu chochote: "Sasa mwalimu, ulifanyaje?"

Nikamwambia sikufanya kitu. Niliitoa ala mdomoni, nikalisikiliza toazi kwa mapigo manne, nikasikia besi imetua wapi, kisha nikarudi na nota moja tu, ndefu, ambayo ingekubalika popote tulipokuwa. Nikachukua saksafoni nikampigia nota hiyo. Ulimi wa mwanzi, unaotoa sauti ya saksafoni, ulikuwa uleule wa jana yake, umechoka na una ufa mdogo kwenye ncha, na sauti ilitoka na mkwaruzo. Halafu nikamwambia apige bluzi yake upya, ila kila nitakapogonga meza anyamaze kwa mapigo manne kabla ya kuendelea. Mara mbili za kwanza aliporudi alirudi pale pale alipoachia, kama mtu anayemalizia kusoma mstari wa kitabu. Mara ya tatu alirudi na nota tatu tu, zimechelewa kidogo, zikamjibu mtu ambaye hakuwemo chumbani, na yeye mwenyewe akashtuka akaniangalia.

Somo hilo lilichukua dakika 40, na kwenye jedwali limeandikwa kipindi kimoja. Saa nne za usiku uliotangulia, ambazo ndizo zilizolizaa, hazikuandikwa popote. Na lau onyesho lingeangukia Jumanne mchana, zingeandikwa kwa wino mwekundu.

Jazi ilikuwa na mfumo wake wa elimu kabla ya chuo chochote kuipokea, na mfumo huo ulikuwa ule wa mwana kutazama kisogo cha nina. Charlie Parker, Mmarekani aliyekuja kuwa mmoja wa wakubwa wa jazi, hakusomea alto chuoni. Mwaka 1936, akiwa bado kijana mdogo, alipanda jukwaani katika ukumbi mmoja wa Kansas City ili ajipime na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga dramu Jo Jones akarusha toazi likaanguka sakafuni kumwashiria ashuke. Kiangazi cha mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi na bendi nje ya mji akiwa na santuri za mpuliza tena Lester Young, akazirudia mpaka akazijua nota kwa nota, na aliporejea waliomcheka hawakumcheka tena. Sisemi turushe matoazi madarasani. Nasema kwamba waliomfundisha, yule aliyemwaibisha na yule aliyemsikia kwenye santuri, walikuwa watu walio kazini, na walichokuwa nacho cha kumfundisha kilitokana na kuwa kwao kazini.

Vyuo vilikuja baadaye, tena kwa kusitasita. Mjini Frankfurt, Ujerumani, chuo cha muziki cha Hoch Conservatory kilifungua darasa la jazi mwaka 1928 chini ya Mátyás Seiber, na Wanazi wakalifunga mwaka 1933. Nchini Marekani, chuo cha ualimu cha North Texas kilianza kutoa shahada mwaka 1947 kwa mpango uliosukwa na Gene Hall, ambaye naye alikuwa mpuliza saksafoni. Shahada hiyo ilipewa jina la muziki wa bendi za dansi, kwa kuwa neno jazi lilionekana halina heshima ya kutosha kuandikwa kwenye cheti. Nakumbuka kisa hicho kila ninapojaza fomu zenu.

Miongoni mwa wote walioishi maisha haya mawili, ninayemfikiria mara nyingi ni mpuliza alto Jackie McLean. Alizaliwa New York mwaka 1931, akarekodi na mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1951, akapita katika vikundi vya mpiga besi Charles Mingus na mpiga dramu Art Blakey, akajulikana kwa sauti ya alto kali, iliyokaa juu ya nota kwa unywele mmoja, ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Dawa za kulevya zilimponza. Alinyang'anywa kibali cha polisi ambacho wanamuziki wa New York wa zama zile walihitaji ili kupiga katika kumbi za starehe, hivyo kuna miaka ambayo santuri zake zilikuwa zikisikika katika mji ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupanda majukwaa yake ya usiku. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Hartford. Mwaka 1970 yeye na mkewe Dollie walianzisha Artists Collective, kituo cha sanaa kwa ajili ya vijana wa mji huo, na mwaka 2000 chuo kikaipa programu ya jazi aliyoijenga jina lake. Alifariki mwaka 2006.

Wengi wakikisimulia kisa hicho hukazia wokovu: mwanamuziki aliyeponea kwenye ualimu. Mimi naomba mkazie kitu kingine, kwamba hakuacha kupiga. Aliendelea kurekodi na kusafiri huku akiwa mwalimu, na baadhi ya waliojifunza kwake walipanda naye jukwaani, akiwemo mwanawe René, ambaye naye ni mpuliza saksafoni. Chuo hakikumwajiri ili kimwondoe jukwaani. Kilimwajiri pamoja na jukwaa lake, na hilo ndilo lililokifanya chuo kivutie vijana waliotaka kupuliza saksafoni kama wanavyoipuliza watu wanaoishi kwayo.

Kinyume chake ni mpuliza alto Cannonball Adderley. Alikuwa mwalimu wa bendi katika shule ya sekondari mjini Fort Lauderdale, Florida. Mwaka 1955 alikwenda New York akiwa na nia ya kuendelea na masomo, akaingia katika ukumbi wa Café Bohemia na alto yake, akapata nafasi ya kupiga na bendi iliyokuwepo, na baada ya usiku huo ualimu wake wa shule haukuwa na maisha marefu. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi, nami nakifurahia kama mpuliza saksafoni yeyote. Ila mwalimu aliyemo ndani yangu kila mara hujiuliza wale watoto wa Fort Lauderdale walibaki na nani. Si kila mji ulikuwa na namna ya kumruhusu mtu mmoja awe vyote viwili, na pale ambapo hapana namna, mwenye kipawa kikubwa ndiye huondoka kwanza.

Kuna pia upande wa mwili, ambao watu wa ofisini hawana sababu ya kuujua mpaka waambiwe. Sauti ya saksafoni hutokana na ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetemeka, na kinachouongoza ni misuli midogo inayouzunguka mdomo pamoja na pumzi inayotoka chini ya mbavu. Misuli hiyo hulegea kwa wiki chache tu za kutopuliza. Mwalimu aliyepangiwa vipindi vya asubuhi hadi jioni, siku tano, na vikao kati yake, hurudi nyumbani akiwa hana pumzi ya kufanya mazoezi, na baada ya miaka miwili au mitatu huanza kufundisha kwa maneno kile ambacho zamani alikifundisha kwa kupiga. Nimewaona wenzangu wakifika hapo. Huanza kwa kuiacha ala ndani ya kasha wakati wa kipindi, "leo tuzungumze tu", na mwisho kasha lenyewe hubaki nyumbani. Kwenye jedwali lenu mwalimu huyo hana kiduara hata kimoja.

Sasa niseme lililo kweli kwa upande wenu, maana si haki kulikwepa. Wapo wanamuziki mashuhuri ambao picha zao zimo kwenye vipeperushi vya vyuo, na wanafunzi waliolipa ada kwa sababu ya picha hizo huwaona mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaomtuma mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akafundishe badala yao, bila kumlipa. Wapo wanaotoa taarifa ya safari wakiwa wamekwisha kufika waendako. Mtu asiyekuwepo na lake halipo, na mwanafunzi anayesubiri kwenye korido akiwa na ala shingoni hadi nusu saa ipite amedhulumiwa, hata kama mwalimu wake yuko mbele ya umati anapigiwa makofi. Kanuni yenu kali ilizaliwa na watu wa namna hiyo, nami nawalaumu wao kabla sijawalaumu ninyi. Ila dawa mliyoitumia haiwapati hao, kwa kuwa mashuhuri huachwa na viduara vyao kwa sababu ya majina yao. Inatupata sisi wengine, ambao majina yetu hayauzi vipeperushi.

Ninachopendekeza kimekwisha kufanyiwa majaribio katika idara moja ndogo niliyofanya kazi, bila kuandikwa, kwa maelewano tu ya mkuu wa idara aliyekuwa na busara, naye alipohamishwa kikafa. Mwanzoni mwa muhula kila mwalimu wa ala alileta orodha ya maonyesho na safari alizokuwa na uhakika nazo. Kipindi chochote kilichogongana na orodha hiyo kilipangiwa siku ya kufidiwa papo hapo, kabla ya muhula kuanza, na siku hiyo ikabandikwa mlangoni. Onyesho lililojitokeza baadaye lilihitaji siku saba za taarifa na jina la mwalimu wa kushika nafasi, ambaye alilipwa na yule anayesafiri. Asiyefidia ndani ya wiki mbili ndiye aliyeandikwa kuwa hakuwepo. Kwa mihula minne niliyokaa pale hakuna mwanafunzi aliyepungukiwa saa zake, na sote tulipiga zaidi kuliko tulivyowahi kupiga. Naomba utaratibu wa namna hiyo uandikwe kwenye mikataba, ili usitegemee busara ya mtu mmoja ambaye kesho atahamishwa.

Pamoja na hilo, naomba maonyesho na rekodi viingizwe kwenye hesabu ya kazi yenyewe wakati wa kupandisha watu vyeo. Mwenzetu wa historia ya muziki akichapisha makala, fomu ya tathmini ina kisanduku cha makala. Akienda kusoma karatasi yake mbele ya wanataaluma, kuna kisanduku cha mikutano, na kuna hata likizo ya utafiti iliyotengwa kwa ajili yake, jambo ambalo naliunga mkono kabisa. Mwaka niliotoa albamu yenye nyimbo nane, zote za utunzi wangu, iliyonichukua miezi 14 kuanzia kuandika hadi kurekodi, nililazimika kuiandika chini ya "mengineyo", katika mstari mmoja na habari kwamba nilikuwa mjumbe wa kamati ya usafi. Kamati ya usafi ilipewa alama. Albamu haikupewa, kwa kuwa hapakuwa na anayejua ipimwe kwa kipimo gani. Inapimika. Waiteni wanamuziki watatu wasionifahamu, waisikilize, waandike maoni yao, kama mnavyowaita wasomi watatu kuipitia makala. Wanaweza kusema ni mbaya. Nimejiandaa kwa hilo kuliko nilivyojiandaa kwa "mengineyo".

Kuhusu shahada nitasema machache. Mnazidi kudai shahada ya uzamili kwa yeyote atakayefundisha ala, na mnawakosa watu waliopiga miaka 30 ambao hawana cheti. Shahada si adui wa jukwaa. Yusef Lateef, mpuliza saksafoni ya tena, filimbi na oboe (aina ya zumari), alikwisha kuwa na jina kubwa alipopata shahada ya uzamivu katika elimu mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na kuanzia 1981 aliishi miaka kadhaa Zaria, Nigeria, akiwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akijifunza filimbi za huko. Kwake usomi na upulizaji vilikuwa safari moja. Ila yeye aliifuata shahada kwa hiari na kwa kiu yake mwenyewe. Anayelazimishwa kuacha kupiga kwa miaka miwili ili apate karatasi ya kumruhusu aendelee kufundisha kile anachokifanya tayari hana kiu hiyo, na atakachowaletea ni karatasi. Pimeni maisha ya kazi kwa ushahidi wake: rekodi, bendi alizopita, barua za waliofanya naye kazi, na somo moja la majaribio mbele ya wanafunzi halisi. Somo hilo moja litawaambia mengi kuliko nakala za vyeti.

Lipo pia suala la walimu wa muda, wanaolipwa kwa saa waliyosimama darasani na si zaidi, ambao likizo ndefu kwao ni miezi mikavu na ambao hujulishwa wiki moja kabla ya muhula kwamba saa zao zimepunguzwa. Katika idara nyingi za jazi hao ndio wengi. Mara nyingi huambiwa kwamba saa zitarudishwa hali ya fedha ikitengemaa. Naomba mkumbuke historia ya ala yenyewe. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846, alikuwa pia mwalimu wake wa kwanza: alifundisha darasa la saksafoni kwa wanamuziki wa kijeshi katika chuo cha muziki cha Conservatoire ya Paris kuanzia 1857. Mwaka 1870 vita na Prussia vilipozuka, darasa likafungwa. Lilifunguliwa tena mwaka 1942, chini ya mpuliza saksafoni Marcel Mule. Ni miaka 72. Mbunifu mwenyewe alikufa mwaka 1894, baada ya kufilisika zaidi ya mara moja, bila kuliona darasa lake likirudi, na vizazi viwili vya Wafaransa waliotaka kuipuliza saksafoni ilibidi watafute pa kujifunzia mahali pengine. Kwa hiyo mnapofuta saa za saksafoni kwa muhula mmoja, tafadhali andikeni kwenye uamuzi huohuo tarehe ya kuzirudisha.

La mwisho ni vyumba. Kipimo cha usalama kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 91 mtu amebakiwa na saa mbili. Saksafoni mbili katika chumba kidogo chenye kuta tupu huvuka hapo bila kujitahidi, na mimi hufundisha wanafunzi sita mfululizo. Sikio langu la kushoto, lililo upande anaosimama mwanafunzi, sasa lina mlio mwembamba usiozimika usiku. Mapazia mazito, zulia na rafu za vitabu ukutani hupunguza mwangwi kwa gharama ndogo, na mapumziko ya dakika 15 kati ya mwanafunzi na mwanafunzi hayana gharama yoyote isipokuwa kwenye ratiba. Na acheni vyumba hivyo wazi hadi usiku kwa wanaotaka kufanya mazoezi. Mpuliza tena Sonny Rollins, kati ya 1959 na 1961, alikwenda kufanyia mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, kwa sababu hakutaka kuwasumbua majirani, na watu wameligeuza jambo hilo kuwa hadithi tamu. Mimi kila nikilifikiria naona upepo wa baridi wa mtoni na mtu mwenye jina kubwa kuliko wote katika ala yake ambaye hana chumba.

Muhula ujao unapangwa mwezi huu. Nimeambatisha mfano wa fomu ya orodha ya maonyesho kama tulivyoitumia katika ile idara ndogo, ukurasa mmoja tu, pamoja na nakala ya jedwali langu la viduara 11, nikiwa nimeandika pembeni ya kila kimoja nilikokuwa siku hiyo na nani alikuwa nami. Niko tayari kuja mbele ya baraza lolote kuyaeleza haya, siku yoyote isipokuwa Alhamisi ya tatu ya mwezi, ambayo nina onyesho, na nimekwisha kuvifidia vipindi vyake.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kazi,
Mpuliza saksafoni na mwalimu